Kabla Hujakopa kwa Ajili ya Msimu, Andika Kesho Nne za Duka Lako

Leo sina mbinu ya kupata wateja 100 kwa siku. Leo nataka tuongelee kitu ambacho sisi wa maduka madogo hatukifanyi kabisa, na mimi mwenyewe nimekijua baada ya kuumia. Ni ndefu kidogo, kwa hiyo kama upo na mteja muhudumie kwanza, halafu urudi.

Mimi niko Mikindani, Mtwara. Duka langu ni la rejareja: unga, mchele, sukari, mafuta ya kupima, sabuni, vocha, na kona moja ya vitu vya wavuvi, yaani ndoano, mishipi na betri za tochi. Elimu yangu ni kidato cha nne. Haya ninayoandika nimeyaokota kwenye simu, kwa kuuliza watu, na kwenye daftari la madeni la mama yangu. Tuanze na hilo daftari.

Msimu wa korosho wa 2017, bei kwenye minada ilipita shilingi 4,000 kwa kilo. Waliokuwepo huku Kusini wanakumbuka. Pikipiki zilinunuliwa, mabati yalinunuliwa, mama aliuza hadi anasahau kula mchana, na mzigo ukamwishia watu bado wamejaa na hela mkononi. Kile kitu kilimuuma. Kwa hiyo 2018 mwezi wa nane akasema mwaka huu mzigo hauniishii. Akakopa milioni tatu, akajaza vitenge, masufuria, sukari, mafuta. Na wateja nao wakaanza kama ilivyo kawaida yetu: "Mama, andika, tutamalizana kwenye korosho." Mimi nilikuwa na miaka 20, nimemaliza shule, nakaa dukani. Kazi ya kuandika ilikuwa yangu.

Oktoba ikafika. Wanunuzi wakaja na bei ndogo, wakulima wa Tandahimba na Newala wakakataa kuuza. Tarehe 12 Novemba Rais Magufuli akatangaza kwamba serikali itanunua korosho kwa shilingi 3,300, na jeshi likaja na malori kuibeba. Mtaani kwetu watu walishangilia. Mama akanigeukia, "Umeona? Andika tu mwanangu."

Ila kutangazwa kwa bei na pesa kuingia mfukoni ni siku mbili tofauti. Kulikuwa na uhakiki: nani ana shamba kweli, nani ni kangomba aliyenunua kwa wenzake kwa bei ya kutupa. Wapo waliolipwa mapema, wapo waliosubiri mpaka mwaka uliofuata. Rejesho la mkopo halikusubiri mtu. Desemba, daftari lilikuwa na milioni mbili na laki sita ziko nje, na droo ilikuwa na elfu arobaini. Januari tukauza friji. Vitenge tuliviuza kwa bei ya chini ya tulivyonunulia. Mama alikuwa akisikia pikipiki inasimama nje usiku anazima taa, anadhani ni afisa wa mkopo.

Sasa angalia jambo moja. Bei ya 3,300 ni bei nzuri, mama kwenye bei hakukosea sana. Kilichomwangusha ni kwamba kichwani mwake kulikuwa na kesho moja tu, nayo ilikuwa 2017 imerudi tena. Hakujiuliza hata siku moja, "Je, pesa ikiwepo lakini ikachelewa miezi mitatu, mimi naishije?" Hilo swali lingemgharimu dakika kumi na karatasi moja.

Kampuni kubwa wana jina la hii kazi ya kujiuliza maswali ya namna hiyo. Wanaita upangaji wa senario. Senario ni kesho inayoweza kutokea, umeisimulia vizuri kama hadithi fupi, halafu unajipima nayo. Hutabiri. Hakuna anayekuuliza ipi itatokea. Unachukua kesho kadhaa zinazotofautiana kwelikweli, unalipitisha duka lako kwenye kila moja, unaangalia linavunjikia wapi.

Waliofanya hii kitu ijulikane duniani ni kampuni ya mafuta ya Shell. Mwanzoni mwa miaka ya 1970 walikuwa na Mfaransa mmoja anaitwa Pierre Wack, ofisi yao ikiwa London. Wakati huo mafuta yalikuwa karibu dola 3 kwa pipa na wakubwa wa kampuni waliamini yatabaki hapohapo, kwa sababu kwa miaka mingi yalikuwa hapohapo. Wack na wenzake wakawaandikia kesho nyingine: nchi zenye mafuta zinaamua kubana, bei inaruka. Oktoba 1973 vita ikaanza Mashariki ya Kati, nchi za Kiarabu zikazuia mafuta, na hadi Januari 1974 bei ilikuwa inakaribia dola 12. Shell hawakujua tarehe ya vita, hakuna aliyeijua. Ila walipoamka asubuhi hiyo hawakuwa wageni wa hali ile, walishaijadili.

Na usidhani ni mambo ya Wazungu wa mafuta tu. Jirani zetu Kenya, kati ya mwaka 1998 na 2000, walikaa watu wa kila aina wakaandika kesho nne za nchi yao. Wakazipa majina: El Niño, Maendeleo, Katiba, na ya nne wakaifananisha na mabata bukini wanaoruka pamoja. El Niño ni ile ya kuacha mambo yaende yenyewe mpaka mafuriko yaje. Mi nilipenda hayo majina. Kitu chenye jina hata mama wa miaka 60 anakikumbuka, jedwali lenye namba nyingi hakikumbuki mtu.

Sasa kabla sijakuonyesha karatasi yangu, kuna hadithi nyingine lazima niiseme, maana ya mama inaweza kukudanganya kwamba tatizo ni korosho tu.

Mwaka 2012 Mtwara ilikuwa inachemka kwa gesi. Ukisikiliza watu unaona kabisa Dubai inakuja. Meli za utafiti zinaingia bandarini, viwanja vinapanda bei kila mwezi. Mjomba wangu, ambaye kwenye ukoo wetu yeye akisema amesema, akachukua akiba yake yote akajenga vyumba tisa vya kulala wageni. Vyumba vya kisasa, kila kimoja na choo chake, korido katikati, mapokezi mbele. Wageni wa gesi walale pale.

Yaliyofuata mnayajua. Bomba la kupeleka gesi Dar likaleta vurugu hapa Mtwara Mei 2013, likajengwa, likazinduliwa Oktoba 2015. Huku duniani bei ya mafuta iliyokuwa zaidi ya dola 100 katikati ya 2014 ikashuka mpaka chini ya 30 Januari 2016, na kampuni zikakunja mikono. Kile kiwanda kikubwa cha kusindika gesi cha Likong'o kule Lindi, mpaka leo naandika hapa hakijaanza kujengwa. Vyumba vya mjomba vikabaki na mapazia na popo.

Mwaka jana nilikaa naye nikamuuliza kwa adabu, "Mjomba, ungejenga tena ungejenga nini?" Akafikiri sana. Akasema, "Ningejenga vilevile tisa, ila kila kimoja ningekipa mlango wake wa nje na kajiko." Mnaona? Angekuwa amejiuliza 2012, "Wageni wa gesi wasipokuja, nani atalala humu?" angepata jibu: mwalimu, nesi, familia changa inayotafuta chumba cha kupanga. Na mwalimu hataki korido na mapokezi, anataka mlango wake na sehemu ya kupikia. Gharama ya kujenga haingeongezeka sana. Gesi ikija, wageni wanalala. Gesi isipokuja, wapangaji wanalipa kwa mwezi. Jengo moja, kesho mbili. Kuvunja na kubadilisha baadaye ndo kulimmaliza.

Wala sisi wa Mikindani hatupaswi kushangaa. Serikali ya Waingereza baada ya Vita ya Pili ililima karanga Tanganyika, Kongwa, Urambo na Nachingwea, wakatumia zaidi ya pauni milioni 30. Kwa ajili ya hizo karanga ikajengwa bandari Mtwara na reli ya kwenda Nachingwea. Mradi wakaufuta 1951, reli ikafungwa 1962. Bandari ikabaki Mtwara, biashara ikahamia huko, na mji wetu uliokuwa unapokea majahazi kabla Mtwara haijawa mji ukabaki na maboma ya zamani. Hiyo ni serikali yenye wataalamu, na nayo ilipanga kesho moja. Basi turudi kwenye duka.

Kwanza, usianze na "dunia itakuwaje". Utachoka. Anza na uamuzi mmoja ambao lazima uufanye ndani ya wiki chache. Wangu ulikuwa huu: je, nikope ili nijaze duka kabla ya msimu, na kama nikope, kiasi gani na cha kununua nini? Wa kwako unaweza kuwa kuhamia fremu kubwa, kununua friji ya pili, au kuongeza tawi. Uamuzi mmoja tu.

Halafu gawanya karatasi katikati. Upande wa kushoto andika mambo ambayo yatatokea hata ukinuna. Kwangu mimi: shule zinafungua Januari, watu watataka madaftari na sare. Ramadhani kila mwaka inarudi nyuma kama siku 11, kwa hiyo naijua iko wapi. Mwezi wa mbalamwezi wavuvi wa dagaa hawapati kitu, kwa sababu dagaa wanavuliwa kwa taa usiku wa giza, kwa hiyo siku hizo hata mauzo yangu ya sigara na mikate yanalala. Haya hayahitaji kesho nne. Haya yanahitaji kalenda ukutani. Watu wengi wanaita "biashara imekuwa ngumu" kitu ambacho ni mbalamwezi tu.

Upande wa kulia andika usivyovijua. Hapa utajaza karatasi, usiogope. Bei ya korosho, mvua, bei ya sukari, mkandarasi kuleta vibarua au kuwaondoa, mambo ya ng'ambo ya Ruvuma. Hilo la mwisho sio la kudharau. Wapo wenzetu waliokuwa wanavusha bidhaa kwenda Msumbiji, wakaamini Palma ndo Mtwara mpya. Machi 2021 Palma ikavamiwa, mradi wa gesi kule ukasimama, na biashara ya upande ule ikasimama nao. Na kimbunga je? Aprili 2019 tuliambiwa Kenneth inakuja kwetu, watu wakatakiwa kuondoka maeneo ya hatari, halafu tarehe 25 ikapiga Cabo Delgado, upande wa pili. Tulipona kwa umbali mdogo sana ukiangalia ramani.

Ukishajaza, chagua viwili tu. Chagua vinavyouma zaidi na ambavyo huvijui kabisa. Mimi nilichagua hivi: pesa ya korosho itawahi au itachelewa, na mzigo kutoka Dar utafika vizuri au utakwama na kupanda bei. Viwili hivyo ukivikutanisha unapata kesho nne. Nimezipa majina.

Ya kwanza ni SHANGWE. Pesa imewahi, mzigo upo. Hii kila mtu anaipanga, siyo lazima nikueleze raha yake. Ila nilipoiandika niligundua kitu ambacho sikuwahi kukifikiria: kwenye Shangwe watu wenye hela hawanunui kwangu! Wanapanda bajaji kwenda Mtwara mjini, wanajumlisha kiroba kizima na ndoo ya mafuta, wanarudi. Mimi nabaki na wa vitu vidogovidogo. Kwa hiyo hata kwenye kesho nzuri, vitenge na masufuria ya mama yasingetoka kama alivyodhani, maana wachuuzi wa nje nao wanafuata harufu ya korosho.

Ya pili ni FOLENI. Pesa ipo, mzigo umekwama. Mei 2024, baada ya kimbunga Hidaya na mvua zile, barabara ya Dar kuja Kusini ilikatika maeneo ya Somanga na Matandu kule Kilwa. Malori yakalala barabarani. Anayetaka kuzunguka anapita Songea na Tunduru mpaka Masasi, ni safari ya nchi nzima. Wiki ile mwenye chumvi, sukari na mafuta ndani alikuwa mfalme. Mimi nilikuwa na katoni mbili za chumvi na madaftari mengi mazuri. Madaftari! Kwenye Foleni ushindi ni wa mwenye vitu visivyooza na vinavyoliwa kila siku, hata kama faida yake ni ndogo.

Ya tatu ni SUBIRA. Mzigo upo, bei ya jumla imetulia, ila pesa ya korosho haijatoka. Hii ndo 2018, na hii nimekaa nayo muda mrefu kuliko zote, kwa sababu hii ndo inaua maduka ya kwetu kimyakimya. Watu hawaachi kula kwa sababu pesa imechelewa. Wanapunguza kipimo. Aliyenunua kilo tano za unga ananunua kilo moja, aliyenunua lita ananunua ya mia mbili, sabuni ya mche inakatwa vipande. Na wanaanza kukopa. Mauzo kwenye daftari yanaonekana makubwa kuliko kawaida, unajiona unafanya biashara, kumbe unahamisha mtaji wako rafuni kwenda kwenye vyungu vya watu. Siku ya kujumlisha mzigo mpya ndo unashtuka. Nikajiuliza: kwa mtaji wangu wa sasa, Subira ikiingia, duka linafunga baada ya siku ngapi? Nikachukua daftari la 2018 nikahesabu madeni yalikuwa yanakua kwa kiasi gani kwa wiki. Jibu lilikuwa siku 47. Nilikaa kimya muda mrefu.

Ya nne ni KIZA. Pesa imechelewa na mzigo umepanda. Hapa mtego ni bei. Unauza sukari kwa bei ya zamani kwa sababu ya aibu, mteja ni jirani yako, halafu ukienda kununua nyingine ile hela haitoshi kurudisha kilo zilezile. Umeuza kumi, unarudi na nane. Mara tatu hivyo duka limeisha bila mtu kukuibia. Kwenye Kiza dawa yangu ni kuuza kwa kuangalia bei ya kununulia mzigo unaokuja, siyo ule uliouzwa jana, na kueleza wateja ukweli mapema. Wanakasirika siku mbili.

Sasa kazi inayolipa ni hii. Weka kesho zote nne mezani, halafu kila wazo ulilonalo lipitishe kwenye kila moja. Mkopo wa milioni tatu wa vitenge: Shangwe unapona kwa shida, Foleni unapona, Subira unakufa, Kiza unakufa. Umeona? Wazo linalokufa kwenye kesho mbili kati ya nne siyo wazo la mtu mwenye duka moja. Tajiri anaweza kulicheza, ana maduka sita.

Mawazo yaliyosimama kwenye kesho zote nne kwangu yalikuwa machache, na wala hayana mbwembwe. Kubwa kuliko yote ni kanuni ya rejesho: nisikope kiasi ambacho rejesho lake halilipwi na unga, sabuni na vocha peke yake, kana kwamba korosho haipo duniani. Nikapiga hesabu, ikatoka laki nane. Hizi laki nane zinanunua chumvi, sukari, mafuta, mchele na sabuni. Mikopo ya kausha damu sigusi hata nikiwa kwenye Shangwe, kwa sababu ile haina subira hata ya siku moja. La pili ni ukomo wa madeni. Jumla ya vyote vilivyo nje visizidi laki nne, nimeandika kwa maandishi makubwa ukutani pale mteja anaposimama, ili anayekataa awe ukuta, siyo mimi. La tatu ni kuwa na wauzaji wa jumla wawili, hata kama mmoja ana bei ya juu kidogo. Yule wa pili namnunulia mzigo mdogo kila mwezi ili siku mambo yakiwa magumu asiniulize mimi ni nani.

Kisha kuna vitu ambavyo hufanyi leo ila unaacha mlango wazi. Mfano vifaa vya wavuvi. Subira ikija, wenye hela mtaani watakuwa wavuvi, kwa sababu bahari hailipi kupitia akaunti, inalipa asubuhi ileile ufukweni. Kwa hiyo ile kona yangu sijaiua ingawa sasa hivi haileti faida kubwa. Vilevile malori ya makaa ya mawe kutoka Ruvuma yalipoongezeka kuelekea bandarini mwaka 2022, nilijuana na mama mmoja wa chakula pembeni ya barabara anayehudumia madereva. Namuuzia mchele kwa bei ya kati. Akikua, nakua naye.

Kitu cha mwisho ni dalili, na hapa wengi wanaoandika kesho zao huwa wanaishia njiani. Karatasi nzuri halafu inawekwa chini ya godoro. Kila kesho ina dalili zake za kuja, na lazima uamue sasa hivi, ukiwa umetulia, kwamba nikiona hiki nafanya hiki. Korosho ina njia yake: mkulima anapeleka chama cha msingi, inaenda ghala kuu, inapigwa mnada, mnunuzi analipa, pesa inaingia kwenye akaunti ya mkulima. Kwa hiyo siku ya mnada siyo siku ya pesa. Mimi nahesabu kuanzia mnada wa kwanza. Nikifika siku ya 14 na hakuna mtu hata mmoja wa mtaani kwangu aliyepokea ujumbe wa benki, nimeingia Subira: nasimamisha mikopo mipya siku hiyohiyo na napunguza kununua vitu vya anasa. Kwa Foleni na Kiza nina dalili mbili. Moja ni taarifa za Mamlaka ya Hali ya Hewa, nasikiliza hasa wakitaja Lindi na Mtwara. Nyingine ni bei ya sukari kwa muuzaji wangu wa jumla: ikipanda mara mbili ndani ya wiki moja bila maelezo, kuna kitu. Na kuna kondakta wa basi la Dar, mteja wangu wa vocha, huyo nampigia kabla sijafungua redio.

Niwaonye kwenye sehemu mbili ambazo mimi nilikosea mara ya kwanza. Niliandika kesho tatu: mbaya, nzuri na ya katikati. Unajua kilichotokea? Nikachagua ya katikati nikaisahau nyingine, nikarudi palepale pa kesho moja. Ndo maana nasema nne, na zisipangwe kama ngazi ya mbaya na nzuri. Foleni ni mbaya kwa mteja lakini kwako inaweza kuwa nzuri. Pili, niliandika peke yangu. Mtu mmoja anaandika hofu zake tu. Safari ya pili nilikaa na mama na yule mama wa chakula, na mdogo wangu anayeendesha bodaboda. Yule dogo ndo alisema kitu sikukijua: vibarua wengi wa ujenzi analipwa mkandarasi kwanza, ndo wao walipwe, kwa hiyo nao wana Subira yao ya mwezi mzima. Nilishawahi kukopesha kundi la vibarua wa aina hiyo, kazi ikaisha, wakahama na deni langu. Sikuwa nimeliunganisha hilo na korosho, kumbe ni ugonjwa uleule.

Basi, karatasi yangu ya msimu huu imekamilika wiki iliyopita. Mama alitaka nikope milioni mbili. Ana hoja, anasema miche imechanua vizuri na mwaka huu ataona aibu watu wakikuta rafu tupu. Sikubishana naye, yeye ni mama yangu na duka hili alilianzisha yeye. Nilimpa karatasi nikamwambia, "Mama, chagua kesho yoyote hapa, halafu niambie milioni mbili tunairudishaje." Alivaa miwani. Akasoma Shangwe haraka, akaruka Foleni, akafika kwenye Subira akaacha kusoma. Akaniuliza ile 47 ni nini. Nikamwambia.

Tumechukua laki nane. Karatasi tumeibandika ndani ya mlango wa kabati, wateja wasiione. Jana nikifungua kabati kutoa betri nikakuta mama ameongeza mstari kwa kalamu nyekundu chini ya Subira. Ameandika jina la bibi mmoja wa mtaani, yule aliyetuletea unga Januari 2019 wakati sisi wenye duka hatukuwa na unga, na mbele ya jina ameandika: huyu usimnyime.

Nimepunguza ukomo wa madeni kutoka laki nne hadi laki tatu na elfu sabini. Elfu thelathini zake nimezitoa, ziko kwenye bahasha.